Saratani ya Kongosho: Nani Huipata, na kwa Umri Gani?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, katika bwalo la shule)



Kamati imeniomba nizungumze kwa muda wa nusu saa juu ya saratani ya kongosho. Sababu yake mnaijua. Katika muda usiotimia miaka miwili tumewazika wenzetu wawili kwa ugonjwa huu, na wote wawili walikuwa hawajafikisha miaka hamsini. Baada ya maziko ya pili ukaanza kupita katika simu zetu ujumbe usemao kwamba saratani hii sasa inawashambulia vijana, hasa wanawake vijana, na kwamba idadi yao imeongezeka mara mbili. Kutokana na hofu hiyo limeletwa mezani pendekezo, ambalo litapigiwa kura mchana huu, kwamba Mfuko wetu wa Afya utoe fedha ili kila mwanachama aliyetimiza miaka arobaini, pamoja na mkewe, akapigwe picha ya mwili mzima.

Mimi si daktari. Madaktari tunao humu ukumbini, nao watanisahihisha. Kazi yangu serikalini ni ya majedwali, yaani kuhesabu watu, umri wao, na yanayowapata. Lakini nadhani swali lililo mbele yetu ni la majedwali kwanza, kabla halijawa la dawa: ni watu gani hasa wanaougua, wa umri gani, wanaume au wanawake, na je, wanaongezeka kweli? Tukilikosea hilo, fedha ya Mfuko itakwenda pasipotakiwa.

Nianze na kiungo chenyewe, maana wengi wetu tulikutana nacho mara moja tu katika somo la Biolojia, tukakiacha hapo. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, limelala mkingamo mbele ya uti wa mgongo. Urefu wake ni kadiri ya sentimita 15, na uzito wake ni gramu 100 hivi au pungufu. Lina kazi mbili. Sehemu yake kubwa hutengeneza maji ya kuyeyushia chakula, nayo hupita katika mirija hadi kwenye utumbo. Halafu, humo humo ndani, vimetawanyika kama visiwa vidogo vikundi vya chembe zinazotengeneza homoni, mojawapo ikiwa insulini.

Nawaomba mshike jambo hilo la sehemu mbili, kwa sababu saratani za kongosho nazo ni za namna mbili kubwa. Zaidi ya 9 katika kila 10 hutokana na upande wa mirija. Hiyo ndiyo kali. Namna ya pili hutokana na chembe za homoni. Hiyo ni adimu, na mara nyingi huenda polepole. Mwigizaji wa sinema wa Marekani, Patrick Swayze, aligunduliwa kuwa na ile ya kwanza Januari 2008, akafariki Septemba 2009. Steve Jobs, mwanzilishi wa kampuni ya Apple, aligunduliwa kuwa na ile ya pili mwaka 2003, naye aliishi hadi mwaka 2011. Magazeti yaliandika juu ya wote wawili kwa jina moja tu, saratani ya kongosho. Hesabu za magonjwa nazo mara nyingi huzijumlisha namna hizo mbili katika safu moja, na humo ndimo unamoanzia mkanganyiko tutakaouona baadaye.

Sasa tuingie katika hesabu. Kwa makadirio ya Shirika la Utafiti wa Saratani lililo chini ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 waligunduliwa duniani wagonjwa wapya 511,000 hivi, na katika mwaka huo huo walikufa watu kadiri ya 467,000. Tazameni namna hesabu hizo mbili zilivyokaribiana. Katika saratani nyingine, kama ile ya matiti, idadi ya wagonjwa wapya ni kubwa sana kuliko ya vifo, kwa kuwa wengi hupona. Katika kongosho anayeingia katika safu ya kwanza kwa kawaida huingia upesi katika safu ya pili. Huko Marekani, katikati ya miaka ya 1970, wagonjwa 3 tu katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Sasa wamefika 13. Ni maendeleo, lakini ni maendeleo ya kobe.

Je, ni watu wa umri gani? Hapa jibu halina utata: huu ni ugonjwa wa wazee. Marekani wastani wa umri wa mtu anapogunduliwa ni miaka 70. Uingereza karibu nusu ya wagonjwa wapya wana miaka 75 na zaidi. Ukipanga watu wa Marekani kwa umri wao, utaona kwamba walio katika miaka ya arobaini wanaougua kwa mwaka mmoja hawafiki 10 katika kila watu 100,000. Lakini ukifika kwa waliopita miaka 80, hesabu hiyo hupita 80 katika kila 100,000. Mwaka hadi mwaka mlima unapanda, na haupandi kwa ulalo.

Kutokana na hilo, mtu akikuambia kwamba nchi fulani ina wagonjwa wengi wa kongosho kuliko nchi nyingine, swali la kwanza ni hili: wazee wake ni wangapi? Japani watu wenye miaka 65 na zaidi ni 29 hivi katika kila 100. Sisi Tanzania, kwa Sensa ya mwaka 2022 iliyotuhesabu watu 61,741,120, wenye umri huo hawafiki 5 katika kila 100. Hata kama kongosho la Mjapani na la Mtanzania lingekuwa na hatari ileile kabisa, Japani ingekuwa na wagonjwa wengi mno kupita sisi. Ndiyo maana sisi watu wa takwimu huvisawazisha viwango kwa umri kabla ya kulinganisha. Ni kama vile tulivyokuwa tukigawana uji hapa bwaloni: huwezi kusema meza fulani inakula sana mpaka ujue imeketi watu wangapi, na kama ni wa Kidato cha Kwanza au wa Kidato cha Sita.

Tuje kwa wanaume na wanawake. Katika wale wagonjwa wapya wa mwaka 2022, wanaume walikuwa 270,000 hivi na wanawake 241,000 hivi. Tofauti yaonekana ndogo. Lakini wanawake huishi zaidi kuliko wanaume, kwa hiyo katika umri ule wa hatari kubwa wamebaki wao wengi. Ukiwalinganisha wanaume na wanawake wa umri uleule, tofauti yapanuka: Marekani, kwa mfano, wanaume huwazidi wanawake kwa kadiri ya robo.

Kwa nini wanaume? Sehemu moja ya jibu, ingawa si jibu lote, ni sigara. Mvutaji ana hatari ya kupata saratani hii kama mara mbili ya asiyevuta. Na kwa kuwa ugonjwa huja miaka mingi baada ya moshi, jedwali la vifo vya leo husimulia habari za uvutaji wa zamani. Marekani mwaka 1965 wanaume 52 hivi katika kila 100 walikuwa wakivuta, na wanawake 34. Taarifa maarufu ya Mganga Mkuu wa nchi hiyo ilikuwa imetoka mwaka 1964, na wanaume wakaanza kuacha. Basi tazameni yaliyofuata miongoni mwa Wazungu wa nchi hiyo: vifo vya wanaume kwa saratani ya kongosho vilipungua taratibu tangu mwaka 1970 hadi kati ya miaka ya 1990, na wakati huo vya wanawake, waliochelewa kuanza kuvuta na wakachelewa kuacha, viliendelea kupanda hadi miaka ya 1980, kisha vikasimama. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa wote wawili vikaanza kupanda tena kidogo kidogo, na safari hii wataalamu wananyoosha kidole kwenye unene na kisukari. Miongoni mwa Wamarekani weusi mambo yalikwenda kinyume: vilipanda kwanza hadi kufikia karibu mwaka 1990, ndipo vikaanza kushuka. Kwa hiyo hata katika nchi moja hamna mwelekeo mmoja, na mtu anayesema "saratani ya kongosho inaongezeka" hajasema kitu bado.

Wako pia watu ambao hatari yao imo katika ukoo. Mfano unaojulikana mno ni wa Rais Jimmy Carter wa Marekani. Baba yake alikufa kwa ugonjwa huu mwaka 1953. Dada yake Ruth mwaka 1983. Ndugu yake Billy mwaka 1988, akiwa na miaka 51. Dada yake Gloria mwaka 1990. Yeye mwenyewe alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100, na alipata kueleza kwamba katika nyumba yao ni yeye asiyevuta sigara. Mtu mmoja si takwimu, na sitaki mtoke hapa mkisema nimethibitisha jambo kwa familia moja. Lakini wenye ndugu wa karibu wawili au zaidi waliokufa kwa ugonjwa huu wako katika kundi la peke yao, na nitawarudia.

Sasa nifike kwenye ule ujumbe wa simu. Nimeutafuta mwanzo wake, na nawaambieni kwamba haukutungwa kutoka hewani. Uko utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2023, uliotazama wagonjwa wa mwaka 2001 hadi 2018. Kwa walio chini ya miaka 55, wanawake waliogunduliwa kuwa na saratani ya kongosho walikuwa wakiongezeka kwa zaidi ya asilimia 2 kila mwaka, hali wanaume waliongezeka kwa chini ya asilimia 1. Na uko mwingine wa mwaka 2024, uliotazama vijana wa miaka 15 hadi 39, na huo ndio wenye ile "mara mbili".

Mnamkumbuka mwalimu wetu wa Hisabati, aliyekuwa ukimjibu "sita" anakutazama juu ya miwani na kukuuliza: "Sita nini? Maembe?" Basi tuulize hivyo hivyo. Mara mbili ya nini? Mwaka 2001 wanawake wa umri huo waliogunduliwa walikuwa 3.3 katika kila milioni moja. Mwaka 2019 walikuwa 6.9 katika kila milioni moja. Ni kweli ni mara mbili na zaidi. Lakini ni nyongeza ya wanawake wasiofika 4 katika kila milioni. Kwa wanaume walitoka 3.9 wakafika 6.2.

Halafu, na hapa ndipo palipo na kiini cha mazungumzo yangu, watafiti wale walitazama safu ya pili, ile ya vifo. Kama saratani ile kali ingekuwa imewazidi vijana mara mbili, na tumeona kwamba huua karibu wote inaowapata, basi vifo vyao vingepanda pia. Havikupanda. Kwa wanawake vilibaki 1.5 katika kila milioni, na kwa wanaume 2.5, mwanzo hadi mwisho. Wakachunguza zaidi wakaona kwamba nyongeza kubwa ilitokana na ile namna ya pili, ya chembe za homoni, tena vivimbe vidogo vilivyo katika hatua ya mwanzo kabisa.

Vimetoka wapi vivimbe hivyo? Vilikuwapo. Kilichoongezeka ni macho ya kuviona. Mashine ya CT ilitumika kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1971 huko Uingereza. Mwaka 1980 Marekani walipiga picha za CT kama milioni 3. Kufika mwaka 2007 zilipita milioni 60 kwa mwaka. Mwanamke kijana anakwenda kwa maumivu ya tumbo, au kwa ajali ya gari, anapigwa picha, na pembeni kinaonekana kidude cha sentimita moja ambacho huenda kingelala naye hadi uzeeni bila kumsumbua. Kikishaonekana hakiachwi. Anaandikwa mgonjwa wa saratani, na mara nyingi anapasuliwa.

Jambo la namna hii lilipata kutokea kwa ukubwa wa kutisha nchini Korea Kusini. Mwaka 1999 serikali yao ilianzisha mpango wa kupima saratani mbalimbali, na hospitali, kwa malipo kidogo ya nyongeza, zikawa zinapima na tezi ya shingo. Kufika mwaka 2011 saratani ya tezi ilikuwa imeongezeka mara 15 kuliko mwaka 1993. Vifo vyake havikubadilika. Maelfu kwa maelfu walikatwa tezi, na sasa wanameza vidonge kila siku ya maisha yao.

Je, nasema basi kwamba ongezeko la vijana lote ni la macho tu? La. Mabishano kati ya wataalamu hayajaisha, na waliotoa utafiti wa mwaka 2023 wanashikilia kwamba kwa wanawake walio chini ya miaka 55 hata ile saratani ya mirija inaongezeka. Mimi naona tafiti hizo hazigongani sana kama inavyodhaniwa. Mmoja unahusu vijana hasa, mpaka miaka 39. Mwingine unachukua wote chini ya 55, na wengi wa wagonjwa wake ni wale wa miaka 45 hadi 54, ambao ni sisi. Inawezekana kabisa kwamba kwa watoto wetu waliomaliza chuo nyongeza ni ya picha, na kwa watu wa rika letu, wenye matumbo haya ninayoyaona kutoka hapa mbele, kuna nyongeza ya kweli kidogo iletwayo na unene na kisukari. (Kicheko.) Cheka ndugu yangu, lakini shati hilo la mwaka jana halifungi.

Mtaniuliza, na sisi hapa nyumbani? Kwetu viwango vilivyoandikwa ni vya chini, na sababu ziko tatu zilizochanganyika. Ya kwanza nimeitaja, taifa letu ni la vijana. Ya pili, uvutaji kwetu haujapata kufika ule wa Marekani ya mwaka 1965, na wanawake wetu wanaovuta ni wachache. Hizo mbili ni za kushukuru. Ya tatu si ya kushukuru: wengi hawagunduliwi. Mzee kijijini anakonda, macho yanageuka manjano, watu wanasema ni ini, au ni mkono wa mtu, anakufa na kuzikwa, na hakuna jedwali linalompokea. Kwa hiyo mtu akileta hesabu za hospitali zetu na kusema ugonjwa umeongezeka katika miaka hii kumi, lazima kwanza atoe katika hesabu hiyo mashine za CT zilizofungwa katika hospitali zetu za rufaa katika miaka hiyo hiyo.

Naam, sasa pendekezo. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme tuko wanachama 400, na wake zetu 400, jumla 800. Tuchukue kiwango cha Marekani kwa watu wa miaka ya arobaini na tukikuze kidogo, tukiite 10 katika kila 100,000 kwa mwaka. Katika watu 800 tutarajie mgonjwa mmoja kwa kila miaka 12 na nusu. Kwa upande mwingine, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani walitazama picha za CT za watu 2,832 waliopigwa kwa sababu nyingine kabisa, wasio na dalili ya kongosho. Taarifa yake ilitolewa mwaka 2008. Watu 2.6 katika kila 100 walikuwa na vifuko vya maji ndani ya kongosho. Kwetu hiyo ingekuwa watu 21. Vifuko hivyo huongezeka kwa umri, basi kwa kuwa sisi bado hatujazeeka tukate nusu, wabaki 10. Watu 10 wazima, waliokwenda wakila na kulala vizuri, watarudi na karatasi inayosema kuna kitu kwenye kongosho. Watarudia picha kila mwaka. Wengine watachomwa sindano. Mmoja huenda akashauriwa kupasuliwa. Upasuaji wa kichwa cha kongosho, unaoitwa kwa jina la Whipple aliyeueleza mwaka 1935, ni miongoni mwa upasuaji mzito wa tumbo. Hata katika hospitali zenye uzoefu mkubwa wako wachache katika kila 100 wasioamka, na wako wanaobaki na kisukari.

Haya si mawazo yangu peke yangu. Jopo la wataalamu linaloishauri Marekani juu ya vipimo vya kinga lilisema mwaka 2004, na likarudia mwaka 2019, kwamba watu wasio na dalili wasipimwe saratani ya kongosho, kwa kuwa madhara yanashinda faida. Nchi yenye mashine nyingi kuliko sisi, na fedha nyingi kuliko sisi, inawaambia watu wake wasifanye jambo hili.

Najua liko neno linalowakereketa mioyoni: lakini wetu walikuwa wawili, tena katika miaka miwili. Ni kweli, ni wengi kuliko hesabu yangu. Lakini shule za sekondari ni nyingi katika nchi hii, na zile ambazo hazikuzika mtu kwa ugonjwa huu hazijaitisha mazungumzo haya leo. Ukitupa kokoto katika uwanja mzima, mahali fulani zitaangukia mbili pamoja. Hapakuangukia kwa sababu ya maji ya shule wala maharage, kama nilivyosikia mmoja akisema jana usiku.

Sitazungumza sana habari za wenzetu hao, kwa kuwa jamaa zao wamo humu. Ila mjane wa mmoja wao ameniruhusu niseme jambo moja. Mumewe alianza kusikia maumivu chini ya kifua yaliyopenya hadi mgongoni, hasa usiku, na akakonda. Alitibiwa vidonda vya tumbo kwa miezi saba, katika vituo vitatu, vidonge kwa vidonge, kabla ya mtu yeyote kufikiri kumpiga picha. Alipopigwa, ugonjwa ulikuwa umekwisha fika kwenye ini. Wagonjwa ambao kivimbe chao hugunduliwa kikiwa bado chaweza kukatwa ni wachache kila mahali duniani, 15 hadi 20 hivi katika kila 100. Sisemi kwamba angekuwa mmoja wao. Nasema miezi saba ni mingi, na kwamba hapo ndipo fedha yetu ingefaa.

Kwa hiyo naweka mbele yenu pendekezo la badala. Mfuko usilipie picha za watu wazima wasio na dalili. Ulipie, bila masharti marefu na kwa muda usiozidi wiki mbili tangu kuombwa, ultrasaundi au CT kwa mwanachama au mke wake ambaye daktari wake ameandika kwamba ana mojawapo ya mambo haya: macho au ngozi kugeuka manjano, hata kama haumwi, maumivu ya tumbo la juu yapenyayo mgongoni na yasiyotulia kwa dawa za vidonda, kukonda bila sababu, au kisukari kilichoingia ghafula baada ya miaka 50 huku mtu akikonda badala ya kunenepa. Juu ya hilo la mwisho msiingiwe na hofu. Huko Minnesota, Marekani, taarifa ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba katika watu wenye miaka 50 na zaidi waliopata kisukari kipya, ni mmoja tu katika kila 120 hivi aliyekutwa na saratani ya kongosho ndani ya miaka mitatu. Wengine wote walikuwa na kisukari tu. Na wale wa ukoo, wenye ndugu wa karibu wawili au zaidi, Mfuko uwapeleke kwa daktari bingwa, maana ushauri wa kutokupima hauwahusu wao.

Liko na jambo la pili, lisilohitaji fedha. Mwaka 1951 Waingereza wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliwaandikia madaktari wa nchi yao na kuwauliza kama wanavuta sigara. Wakapata majibu ya wanaume zaidi ya 34,000, wakaandika majina, kisha wakafanya kazi moja ya uvumilivu: walingoja, na kila alipokufa mmoja waliandika umri wake na ugonjwa uliomwua. Kazi hiyo iliendelea miaka 50. Sehemu kubwa ya tunayojua juu ya sigara na vifo yametoka humo. Waliwachagua madaktari kwa sababu walikuwa na daftari la majina, na watu wa daftari hawapotei.

Sisi nasi tunalo daftari. Liko ofisini kwa Mkuu wa Shule, lina jina la kila mtoto aliyeingia hapa na mwaka wake wa kuzaliwa. Lakini fungueni ukurasa wa marehemu katika gazeti letu hili, toleo lolote. Jina, mwaka wa kumaliza, na maneno "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Umri hamna. Ugonjwa hamna. Tumezika wenzetu wengi, na hatuwezi kujibu hata swali dogo kama tunakufa kwa moyo, kwa kisukari, kwa ajali za barabarani au kwa saratani, wala kwa umri gani. Nionavyo mimi kongosho halitakuwa juu ya orodha hiyo, na shinikizo la damu litakuwa. Lakini hayo ni maono ya mtu, si hesabu.

Naomba basi kwamba, kwa ridhaa ya jamaa, Katibu awe anaandika mambo manne kwa kila mwenzetu anayetutoka: mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, ugonjwa kama alivyoutaja daktari, na kama alikuwa akivuta. Kama daktari hakumwona, iandikwe hivyo. Gazetini yatolewe kwa jumla tu, bila majina.

Ndugu Mwenyekiti, karatasi za kuanzia nimezichapisha, ziko mezani kwa Katibu karibu na mlango wa jikoni. Naomba mapendekezo haya mawili, la picha na la daftari, yapigiwe kura kila moja peke yake.